Mkono Mdomoni mwa Ng'ombe

Kiilu alikuwa na hakika kwamba wiki chache za kukanyaga kinyesi zingemtoa binti yake wazo la kuwa daktari wa mifugo. Mbithe alikuwa amepata A minus katika mtihani wa kidato cha nne, na pale Makongeni, Thika, walikoishi wawili tu tangu mama yake alipofariki, majirani walikuwa wameshamgawia kazi. Huyu alisema famasia, yule uhandisi. Kiilu mwenyewe alitaka asomee actuarial, zile hesabu za kampuni za bima. Hakuijua vizuri hiyo kozi, ila msimamizi wake katika kiwanda cha nyuzi alikuwa na mtoto aliyeisomea, na mtoto huyo sasa alikaa ofisini Nairobi, juu ghorofani, na mikono yake ilikuwa safi. Hiyo mikono safi ndiyo iliyomvutia Kiilu. Yake ilikuwa imekaa kwenye rangi na grisi tangu ujana.

Mbithe hakuwa na sababu kubwa ya kueleza. Alipenda bayolojia, na alipenda likizo za Yatta kwa nyanya yake, ambako aliwahi kushinda amekaa karibu na mbuzi mgonjwa akijiuliza kuna nini ndani. Alipomwambia baba yake, Kiilu hakugomba. Alimpigia simu Ngigi, daktari wa mifugo wa Ruiru, ambaye zamani walipanga naye vyumba jirani Kiandutu wakiwa vijana. Alimwomba atembee na msichana kazini hadi dirisha la kuchagua kozi za chuo kikuu mtandaoni litakapokaribia kufungwa. Akamwambia asimfiche kitu, amwonyeshe kazi ilivyo.

Mpango haukwenda alivyotaka. Kila jioni Mbithe alirudi Thika viatu vikinuka, na kabla hajavivua alikuwa ameshaanza kusimulia: ndama aliyetangulia kwa miguu ya nyuma, nguruwe mwenye jipu, kuku waliokufa banda zima huko Kimbo. Kiilu alimsikiliza akitafuna polepole, akajua ameshindwa.

Ngigi alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mchache wa maneno, na mchovu. Simu yake haikupumzika. Alikuwa na duka la dawa za mifugo Ruiru mjini, lakini muda mwingi alikuwa barabarani na pikapu yake, kutoka boma hadi boma. Mbithe alimwogopa kidogo mwanzoni, kisha akamzoea. Alichopenda kwake ni kwamba akiulizwa swali alilijibu kama anamjibu mtu mzima.

Siku hiyo walikuwa wameamkia kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa, na walipomaliza, Ngigi alitupa glavu zake za mwisho kwenye shimo la taka. Alisema watapitia dukani kuchukua nyingine. Kabla hawajafika, simu ikalia. Alikuwa bibi mmoja mzee wa Gatong'ora aliyeitwa Cucu Waceke, mjane aliyefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Ng'ombe hali tangu jana, anatoa mate, na sauti yake imekauka. Gatong'ora ilikuwa karibu kuliko duka. Ngigi akakata kona.

Walimkuta ng'ombe amesimama kwenye kona ya zizi, shingo ameinyoosha mbele, mate yakining'inia kama kamba hadi kwenye matope. Alijaribu kulia, ikatoka sauti ya kukwaruza. Cucu Waceke alikuwa amefunga leso kiunoni, mikono yake imepasuka ngozi kwa miaka ya kuvuna nyasi za nepia. Alisema ni avokado.

"Hii mti inaangushanga usiku," alisema, akionyesha juu. "Amemeza moja mzima. Nimeingiza mkono yangu mpaka hapa, sijaipata."

Ilikuwa hadithi ya kawaida. Ng'ombe wengi wa upande ule hukabwa na avokado. Ngigi alimshika taya, akaingiza mkono, lakini mkono wake ulikuwa mnene na haukupita mbali. Alijaribu tena. Kisha akamtazama Mbithe.

"Wako ni mwembamba," alisema. "Nitamshikilia. Pitisha juu ya ulimi, usiogope."

Mbithe hakuogopa hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote. Alifurahi. Alikunja mkono wa sweta hadi kwapani na kuuingiza mkono wake mtupu kwenye lile joto la utelezi, akapita ulimi, akafika kooni. Alipapasa kulia na kushoto. Hapakuwa na kitu. Ng'ombe akatikisa kichwa, na meno ya nyuma yakamkwaruza Mbithe juu ya kiganja. Alipotoa mkono, kulikuwa na mstari mwekundu, si mrefu, damu ikichungulia.

"Hakuna avokado, daktari."

 Ngigi alikuwa akiitazama miguu ya nyuma ya ng'ombe, jinsi ilivyoyumba kama ya mlevi. Aliuachilia ule mdomo taratibu na kurudi nyuma hatua kadhaa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Cucu, kuna mbwa aliingia hapa siku zilizopita?"

Cucu alisema mbwa ni wengi. Ngigi akamuuliza kuhusu mbwa wa kuuma, mgeni. Cucu alifikiri. Ndiyo, kabla ya mvua kuanza, mbwa mmoja mwekundu asiyejulikana aliingia zizini, vijana wakamfukuza na kumuua kule barabarani. Lakini ng'ombe hakuwa na kidonda, labda hapa puani kidogo tu.

Ngigi alimshika Mbithe mkono na kumvuta hadi kwenye bomba. Aliomba sabuni ya kufulia. Alimwosha ule mkwaruzo mwenyewe, akisugua kama anayesugua sufuria, maji yakimwagika, na Mbithe alipodhani wamemaliza, alianza upya. Cucu naye akaambiwa aoshe yake. Ngigi aliosha yake mwisho. Kisha alifunga zizi kwa waya, akamwambia Cucu asikamue, asimkaribie ng'ombe, na aende hospitali leo hii aseme ameshika mate ya mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa. Cucu aliitikia kwa kichwa.

Ndani ya pikapu Mbithe aliuliza kama ni hakika.

"Si hakika. Kichwa lazima kipimwe kwenye maabara ya mifugo, Kabete."

"Na ikiwa ndiyo?"

Ngigi aliweka mikono yote miwili kwenye usukani, ingawa gari lilikuwa limesimama. "Ukichanjwa mapema, unakuwa salama. Usipochanjwa, ukaanza kuumwa, hakuna dawa. Hapa, Nairobi, Ulaya, hakuna. Ndiyo maana tunaenda sasa."

Hospitali ya kwanza chanjo ilikuwa imeisha. Walipata katika hospitali moja ya Thika, sindano begani, na daktari wa hapo akasema kwa sababu kuna kidonda inahitajika dawa nyingine ya kuchomwa palepale kwenye mkwaruzo. Hiyo waliipata siku iliyofuata, Nairobi, na iliuma kiasi kwamba Mbithe aliuma kola ya sweta yake. Ngigi naye alidungwa, lakini yeye alikuwa amechanjwa zamani akiwa chuoni, hivyo kwake zilikuwa za kuongezea tu. Mbithe aliliona hilo. 

Alimwomba Ngigi asimwambie baba yake hadi majibu yatoke. Ngigi alikataa, kisha akasema sawa, siku chache tu. Mbithe alimtazama akajua kwamba naye anaogopa.

Hizo siku chache Mbithe hakuziishi vizuri. Alikuwa amesoma kwenye simu yake, na alichosoma hakikufutika. Mgonjwa huanza na homa na kuwashwa pale palipong'atwa. Kisha koo hukataa maji, hata kuyaona tu hulifanya likaze. Basi kila asubuhi, kabla baba yake hajatoka kwenda kiwandani, Mbithe alijaza kikombe na kukitazama. Alikunywa funda moja, akasubiri. Akanywa jingine. Mkwaruzo ulipomwasha, na ulikuwa ukiwasha kwa sababu ulikuwa ukipona, alirudi kukijaza kikombe. Mchana mmoja, akipita sokoni, mbwa aliyelala chini ya kibanda cha viazi aliinua kichwa, na Mbithe akajikuta upande wa pili wa barabara bila kukumbuka kuvuka.

Kiilu aliona kikombe. Alimuuliza kama maji yana harufu. Mbithe alisema hapana.

Ng'ombe wa Cucu Waceke alianguka na hakuamka tena. Majibu ya Kabete yalipotoka, Ngigi alikuja Makongeni mwenyewe, jioni, jua bado lipo. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, kofia mapajani, akaeleza kila kitu bila kujipunguzia: glavu zilizoisha, mkono wake ulioshindwa kupita, maneno aliyomwambia msichana. Akasema majibu ni kwamba ng'ombe alikuwa na kichaa cha mbwa.

Mbithe alisubiri baba yake apige kelele. Kiilu hakupiga. Aliuliza swali moja.

"Wewe ulikuwa umechanjwa?"

"Nilichanjwa chuoni."

"Na yeye?"

Ngigi aliitazama kofia yake. Nje, watoto wa ploti ile ya vyumba vya kupanga walikuwa wakicheza mpira ukutani. Mwishowe Kiilu alisimama akafungua mlango, na Ngigi akatoka. Kuanzia siku hiyo Ngigi alituma ujumbe kila siku ya sindano, maneno mawili matatu, na Kiilu hakuujibu hata mmoja.

Kesho yake Kiilu aliomba ruhusa kazini, akampeleka binti yake saiba, duka la intaneti la mtaani. Alisimama nyuma ya kiti wakati Mbithe akifungua mtandao wa kuchagua kozi. Udaktari wa mifugo ulikuwa wa kwanza pale. Hakuhitaji kumwambia. Mbithe mwenyewe aliutoa, akaweka actuarial, na alipobonyeza kuhifadhi alihisi pumzi imemshuka hadi miguuni. Hakuhuzunika. Alitamani sana kukaa ghorofani mahali ambapo hakuna kinachopumua isipokuwa watu.

Njiani kurudi, Kiilu alisema bila kumtazama, "Mimi ndiye niliyekutuma kule." Mbithe alisema hilo si kosa lake. 

Zamu ya sindano iliyofuata Mbithe alienda peke yake. Nesi aliyemhudumia alikuwa mwanamke mchangamfu, akamsifu kwa kutokosa. Alisema wengi hudungwa mara moja wakapotea, na wengine wakiambiwa chanjo imeisha, rudi Jumatatu, hawarudi, kwa sababu hawasikii chochote. Kinachowapata, alisema akifunga kisanduku, ni heri usikione.

Mbithe alikuwa akishusha mkono wa blauzi. Akakumbuka ile mikono ya Cucu iliyopasuka ngozi, na maneno yake. Nimeingiza mkono yangu mpaka hapa, sijaipata.

Alimpigia Ngigi kutoka kwenye benchi la nje. Ngigi alisema alimwambia Cucu aende, na Cucu alisema ataenda. Mbithe akauliza kama kweli alienda.  Ngigi alisema simu ya Cucu imekuwa haipatikani, alidhani ni chaji. Alikuwa mbali, Witeithie, nguruwe yuko mezani amepasuliwa nusu. Angeweza kwenda jioni.

Kwenda Gatong'ora lilikuwa jambo la mwisho Mbithe alilotaka. Hakutaka kuliona lile zizi. Alikaa pale benchini akijiambia kwamba si kazi yake, kwamba yeye ni mgonjwa pia, kwamba jioni si mbali. Lakini kila alipojiambia, aliona kikombe cha maji na uso wa mwanamke mzee umeinama juu yake. Akainuka.

Alimkuta Cucu Waceke ameketi kwenye kigoda uani, akitoa maharagwe kwenye maganda. Zizi lilikuwa tupu, limemwagiwa chokaa, na Mbithe alikaa akiwa ameligeuzia mgongo. Cucu alifurahi kumwona. Alimtengea kiti, akataka kumpikia chai. Alipoulizwa kuhusu hospitali, alisema alienda. Alikuta chanjo imekwisha, akaambiwa arudi. Siku ya kurudi ilinyesha. Kisha akaona yuko sawa tu, anakula, analala, na jirani akamwambia ule ni ugonjwa wa mbwa, mtu mzima haupati kwa ng'ombe. Mikono alikuwa ameipaka majivu na majani fulani.

Mbithe alimweleza alichoambiwa na nesi na alichosoma. Cucu aliendelea kumenya maharagwe. Aliuliza kwa upole tu, si kwa dharau:

"Kwani wewe ni daktari sasa?"

"Hapana, Cucu. Mimi naogopa tu."

Cucu aliinua macho.

"Kila asubuhi nakunywa maji nikitetemeka," Mbithe alisema, na sauti yake ikakatika. "Na mimi nimedungwa. Wewe hujadungwa hata moja. Sijui nitalalaje."

Hakukusudia kulia mbele ya mtu asiye wa kwao, lakini alilia, na Cucu akaweka sufuria chini. Alikaa akiitazama mikono yake, akaigeuza kiganja juu, kiganja chini, kama anayeiona mara ya kwanza. Kisha aliingia ndani. Alitoka amevaa gauni la kanisani na kitambaa kichwani, mfuko wake kwapani.

"Twende, mwana wakwa, mtoto wangu," alisema. "Kabla sijabadilisha nia."

Walichukua bodaboda hadi barabara kuu, kisha wakaenda Thika, kwa sababu Mbithe hakutaka kusikia tena neno imeisha. Yule nesi mchangamfu aliacha kucheka alipohesabu siku zilizopita tangu Cucu aguse mate yale. Aliita daktari. Walisema wamechelewa lakini si mwisho, kwamba ugonjwa huu wakati mwingine hukawia, na kila saa ina maana. Cucu alidungwa begani, kisha kwa ile dawa nyingine, ambayo safari hii ilikuwepo, mikononi, kwenye kila mpasuko, na alimshika Mbithe goti kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama.

Kiilu aliwakuta hapo. Mbithe alikuwa amempigia kumwambia atachelewa, na kitu katika sauti yake kilimtoa kiwandani na ovaroli yake. Alisimama mlangoni akitazama mwanamke mzee asiyemjua akiwa ameegemea bega la binti yake. Cucu alimuuliza kama huyu msichana ni wake. Kiilu alisema ndiyo.

"Amenitoa nyumbani na machozi," Cucu alisema. "Daktari Ngigi aliniambia kwa mdomo, nikasema ndiyo, ndiyo. Huyu alikuja."

 Kiilu alikaa upande wa pili wa Cucu, na walipomaliza, ni yeye aliyetafuta gari la kumrudisha Gatong'ora.

Siku ya mwisho ya dirisha la kozi iliwakuta wamekaa mezani, chapati zimepoa.  Mbithe alisema anataka kurudisha udaktari wa mifugo juu. Alisema haraka, akitazama meza.

"Hofu imekwisha?" Kiilu aliuliza.

"Haijaisha. Leo asubuhi nilishindwa kumaliza maji."

"Basi kwa nini?"

Mbithe alijaribu kueleza. Alisema katika lile zizi hakuna aliyeogopa, yeye wala Ngigi wala Cucu, ndiyo maana wote watatu waliingiza mikono. Alisema angependa awepo pale mtu mmoja anayeogopa. Hakujua kama inaeleweka. Akasema pia kwamba akiwaza actuarial hawazi chochote, anaona tu dirisha na kiti.

Kiilu alisukuma sahani. Alisema hataki. Alisema ametamka hivyo ili ajue kwamba hataki, na kwamba kuanzia sasa hadi amalize atakuwa akisikia simu ikilia na kudhani ni habari mbaya. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati, akamwambia alete simu, bando ipo. Hawakuwa na haja ya kwenda saiba.

Sindano ziliisha. Mbithe hakuugua. Kwa Cucu Waceke ilibidi kungoja, kwa sababu madaktari hawakutaka kuapa, na miezi ile Mbithe alimpigia kila Jumapili baada ya kanisa. Simu ya Cucu ililia muda mrefu kila mara, na katika huo muda Mbithe alikuwa akitembea huku na huku, akimwona Cucu amelala sakafuni, hadi ile sauti ya taratibu ilipoitikia na kuanza kulalamika juu ya jirani. Mvua zikapita, zikarudi. Cucu akanunua mbuzi wawili, akasema ng'ombe hataki tena. Ngigi hakuenda tena kwenye boma lolote bila katoni ya glavu kwenye pikapu, na alipoonana na Kiilu mazishini Kiandutu, walisalimiana kwa mkono, wakazungumza habari za marehemu.

Mbithe aliripoti chuoni Kabete, kwenye udaktari wa mifugo, na mabegi mawili. Wanafunzi wenzake waliimba, walipiga picha na kila mbwa wa chuo. Yeye alisimama mbali, mikono mifukoni. Kila jioni baba yake alimpigia, na hakuuliza kuhusu chakula wala marafiki. Aliuliza leo wameshika nini. Kwa majuma mengi jibu lilikuwa mifupa na vitabu, na Mbithe aliisikia pumzi yake ikishuka huko Makongeni.

Siku walipotangaziwa kwamba wiki ijayo wataingia zizini kwa mara ya kwanza, wengine walishangilia. Mbithe alitoka nje ya darasa. Alikaa kwenye ngazi na simu mkononi, jina la baba yake liko kwenye kioo, akiwaza atamwambiaje kwamba ataingia.